Mia na Sitini na Tatu za Nini?

Mji mzima ulimwita Dokta, ingawa hospitali aliijua kwa kulazwa tu. Siku hiyo alimwona mwenye bucha akihema baada ya kuning'iniza paja la ng'ombe, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kesho mashemeji zake walikuwa wanakuja, na mkewe alishasema waziwazi: "Bila kilo kumi za nyama, narudi nao kwetu."

"Mzee wangu, hiyo pumzi siipendi," Dokta akasema, akisimamisha bomba refu la plastiki lenye maji mekundu. Akamfunga mkanda mkononi, akaminya mpira wa upepo. Maji yakapanda. "Mama yangu! Mia na sitini na tatu!"

"Ndiyo nyingi?"

"Mwenye mia na arobaini anaandika wosia."

Mwenye bucha akalowa jasho. Akanyweshwa kijiko cha dawa, yaani maji ya tangawizi na sukari, kisha Dokta akatoa kipimo cha pili, kifupi, cha zebaki. Mia na ishirini!

"Umeona? Kijiko kimoja tu! Chupa nzima itamaliza kazi. Namba hazidanganyi, mzee."

Na kweli hazikudanganya. Zebaki ni nzito mara kumi na tatu na ushei kuliko maji, kwa hiyo damu inayosukuma zebaki milimita mia na ishirini husukuma maji sentimita mia na sitini na tatu. Presha ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kilichomo bombani. Ufundi huo, haki ya Mungu, ulistahili chuo kikuu au jela.

Mwenye bucha akalitazama bomba refu, akalitazama fupi, akatulia ghafla. "Chupa bei gani?"

"Kwako wewe, nyama tu. Kumi."

"Kumi. Haya."

Akaiacha mizani ya mezani, akatoa nyingine nyuma ya pazia. Mshale ukagota kwenye kumi. Dokta akauona kwa macho yake mawili, akaondoka akipiga mluzi.

Nyumbani, mkewe aliunyanyua mfuko kwa vidole viwili, akaenda kuupima kwa jirani muuza unga. "Kilo nne na nusu," akasema, akaanza kukunja nguo zake.

Dokta akarudi mbio buchani na mfuko wa nyama na vipimo vyake. "Mzee, umeniibia! Niliona kumi!"

"Za ratili, mwanangu, kila moja nusu kilo kasoro. Mizani ya pazia ni ya wateja wasiouliza kumi za nini. Na mimi nusura nisahau kujiuliza, mia na sitini na tatu za nini."

Dokta akaketi juu ya gogo la kukatia nyama. Kichwa kilimgonga. Akajifunga mkanda mwenyewe, akaminya. Mia na tisini.

Mwenye bucha akainama kutazama. "Hizo za maji?"

"Za zebaki," Dokta akajibu kwa sauti ndogo.

"Lo, pole sana." Mwenye bucha akaitoa ile chupa ya tangawizi, akaiweka mbele yake. "Kwako wewe, nyama tu. Nne na nusu. Na safari hii ni kilo."