Nilivyomwamkia Baba Mkwe kwenye Chaneli ya Wenyewe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena mbele ya wageni. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa shemeji zangu, maana wale wataongeza chumvi.

Mnajua nina kiboti changu kule Kamsamba, cha kutembeza watu kuangalia viboko na mamba pale Mto Momba unapoingia Ziwa Rukwa. Mnajua pia mimi ni mtu wa Tunduma, ziwa nimelikuta ukweni. (Kuogelea sijui. Tusilizungumzie.) Wenye boti wa kule, baba mkwe na shemeji zangu wakiwemo, wana redio za upepo, zile za kubonyeza kitufe ndipo uongee, na chaneli yao moja. Aliyeona wanyama anatangaza, wenzake wanakuja. Sharti ni moja tu: ukipokea, nawe utoe.

Mimi nilitaka kupokea tu. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, nikanunua redio yangu, nikazungusha chaneli moja baada ya nyingine mpaka nikawapata. Tangu siku hiyo nasikiliza kimya kimya, redio ndani ya koti, waya sikioni, kofia juu yake. Koti, kwa joto la Kamsamba! Nilikuwa najichemsha mwenyewe.

Sasa leo alikuja Mama Rehema, anayeleta wageni kutoka Mbeya. Anatafuta mtu mmoja wa kumpa wageni wake wote wa kiangazi hiki, na leo ilikuwa siku yangu ya kujaribiwa.

"Nataka mtu anayelijua ziwa," akasema.

"Mama, mimi viboko nawanusa." (Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Saa mbili asubuhi nikasikia sikioni: "Viboko wako kwenye matete, upande wa mashariki." Nikainua pua, nikafumba macho. "Twende mashariki." Tukaenda. Viboko hao! Wageni wakanishangilia. Saa tatu nikanusa mamba. Mamba huyo, kinywa wazi, anaota jua.

Lakini Mama Rehema si mjinga. "Mbona kila tukifika tunakuta boti nyingine zimeshafika?"

"Wananivizia, mama. Wakiona naelekea mahali, wanakimbilia huko."

Akaitikia kwa kichwa, akatoa daftari, akaniuliza jina langu kamili. Nikamtajia herufi kwa herufi. Nilijua kazi nimepata.

Ndipo ikaingia sauti ya baba mkwe. Sikuitegemea kabisa, kwa sababu mzee wiki nzima alikuwa shambani anapura mpunga. "Wanangu, hamjambo huko majini?"

Hapa lazima mnielewe. Mimi nimelelewa. Baba mkwe akisalimu, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, ndipo unaamkia. Hata kwenye simu nafanya hivyo, mke wangu hunicheka mpaka machozi. Kwa hiyo nikazima injini (huwezi kumwamkia mkwe injini inanguruma). Nikatoa redio kotini, waya ukachomoka. Nikaiweka juu ya benchi, nikachuchumaa, nikapiga makofi matatu. Wageni nao wakapiga, wakidhani ndivyo viboko wanavyoitwa. Nikabonyeza kitufe.

"Shikamoo, baba!"

Hapo ndipo nilipozinduka, na nilikuwa nimeshachelewa.

"Marahaba. Nani huyo?" Redio sasa inasikika boti nzima.

Mtu mwenye akili angenyamaza! "Ni mimi, baba. Mkweo."

"Oo, mkwe! Kumbe una redio? Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano, baba."

"Kwa hiyo wale viboko wa asubuhi uliwasikia?"

"Niliwasikia, baba."

"Na mamba?"

"Na mamba, baba." Kumdanganya baba mkwe siwezi, hasa nikiwa nimechuchumaa.

"Haya, vizuri. Na wewe upande wako umetuonea nini?"

Sikuwa nimeona kitu. Shemeji zangu wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akibonyeza kitufe chake ili nisikie vizuri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama Rehema akaichukua redio pale kwenye benchi, kwa upole kabisa.

"Shikamoo, baba. Kuanzia kesho una nafasi ya wageni?"

"Marahaba, mama. Ipo, hata mpaka kiangazi kiishe."

Akalikata jina langu kwenye daftari, mstari mmoja, mbele ya macho yangu. Nikadhani yameisha. Hapana, mzee akaongeza: "Na huyo mkwe wangu usimwache. Aje kwenye boti yangu, atakuwa anashika nanga."

Mnadhani nilikataa? Nilipiga makofi tena. "Asante, baba."

Mdomo wangu ni mwongo, jamani, ila magoti yamelelewa vizuri. Msinicheke.