Sanduku la Kijivu Halirudi Tupu

Jumatatu, 2 Machi

Naandika kwa penseli. Kazini wino ni marufuku na mkono umeshazoea.

Asante Mungu, gari limewaka mara ya tatu tu. Asante pia kwa Mama Goretti wa ghorofa ya chini, Mkongomani mwenye moyo, aliyempokea Chepkemoi saa kumi na mbili asubuhi bila kununa. Mtoto ana miaka minne. Jana alimwita Mama Goretti mami. Na mimi nimesimama pale pale, viatu vyake mkononi!

Sasa habari yenyewe. Pale kwenye maktaba ya chuo cha jeshi, Saint Paul, huku Marekani, chumba cha kumbukumbu za kale, tuko vibarua wawili: mimi na Velma. Tunatoa pini zenye kutu kwenye barua za wanajeshi wa zamani, tunazipanga ndani ya masanduku ya kijivu, tunayarudisha rafuni. Leo bosi wetu Susan ametangaza nafasi moja ya kudumu. Moja! Saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Nikiipata naachana na shifti ya jioni kule Eagan, kwenye nyumba ya kutunza wazee, nikae mezani na mtoto wangu tule kama watu. Uamuzi ni Ijumaa.

Velma ana diploma. Mimi nina kidato cha nne na bidii. Bidii peke yake haitoshi. Inataka mpango.

Mpango wa kwanza: kasi. Nimpite Velma kwa masanduku.

Susan, roho safi kabisa, amenipa vitabu vya picha vya wajukuu wake nimpelekee Chepkemoi. Kavitia kwenye sanduku la kijivu la kazini visilowe theluji. Sanduku nirudishe nikipata nafasi. Nilishukuru mpaka akaona haya.

Jumanne, 3 Machi

Velma masanduku thelathini na moja. Mimi ishirini na mawili. Yule dada hatembei, anateleza. Kanipita na troli akaniambia pole pole Mama Chep, hawa wanajeshi walishakufa, hawaendi popote. Nikacheka. Ndani sikucheka. Nilijaribu kukimbia, Susan akasema humu hakukimbiwi.

Mpango wa pili: tumbo.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maziwa, kibuyu chake kinarudi na kitu, hata kama ni mayai mawili. Mama akisikia nimerudisha sanduku la watu tupu atapiga simu kutoka Kapsabet kunikana. Leo jioni sina shifti, asante Mungu, kwa hiyo nimekaanga mandazi ya iliki. Chepkemoi amenisaidia kukata pembetatu. Akaanza kula unga mbichi. Nikamkataza. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba Mama Goretti humruhusu. Nikamwambia mimi si Mama Goretti, na unga mbichi hauliwi. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Nikambusu kichwani, lakini unga nikaunyang'anya.

Kiprop, mume wangu, amekula manne akiwa amesimama. Halafu ndipo akauliza kama chakula kinaruhusiwa kwenye kumbukumbu za jeshi. Nikamwambia hicho si chakula, Baba Chep, ni adabu.

Jumatano, 4 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimefika wa kwanza. Nikaweka sanduku la mandazi juu ya troli, pamoja na yale mengine, nivue koti na buti. Hapo hapo Velma akaingia. Nikaona akivuta troli yake. Nikavuta yangu. Mashindano! Masanduku yote ni kijivu, yote sawa, namba iko ubavuni upande mmoja tu, na mimi macho yalikuwa kwenye saa. Nimerudisha arobaini. Velma thelathini na matatu. Alinitazama vibaya. Nilijisikia vizuri.

Lililobaki nikaliweka mezani kwa Susan, aliyekuwa mkutanoni kutwa. Lilikuwa zito kidogo. Nikasema mandazi yamekunywa mafuta. Juu yake nikaacha karatasi: Susan, asante. Pasha moto dakika moja. Maliza yote, usimwachie mtu.

Njia nzima ya kwenda Eagan nilikuwa naimba.

Alhamisi, 5 Machi

Aibu. Aibu! Ardhi ipasuke, theluji na vyote.

Asubuhi alikuja kanali mstaafu, mzee wa fimbo, kutoka mbali, kusoma barua ambazo baba yake aliandika vitani. Sanduku namba arobaini na moja. Velma akatoa lililokuwa mahali pake rafuni, akalilaza juu ya kitambaa cheupe. Mzee akanyoosha tai. Akafunua.

Mandazi.

Dakika hiyo hiyo, ofisini, Susan amesoma karatasi yangu. Pasha moto. Maliza yote. Amefunua, na ndani kuna barua za marehemu. Alitoa yowe moja fupi.

Hakuzipasha. Asante Mungu, asante Mungu. Zote ziko salama.

Akatuita, akauliza nani. Velma akanitazama. Angenitaja tu nafasi ingekuwa yake, na mimi nilikuwa naweza kujificha. Lakini nikamkumbuka Chepkemoi. Juzi tu nilimwadhibu kwa kuficha kikombe alichovunja. Nikainua mkono. Nikasema ni mimi, nilikuwa nashindana, nikachanganya. Susan akawa mweupe, halafu mwekundu. Akaanza na panya, akaja kwa wadudu, akamalizia na mafuta kwenye karatasi za miaka mia. Nilistahili yote.

Ndipo Velma akasema hata yeye alikuwa anashindana. Sikumtuma! Akaleta mashine ya kufyonza vumbi, tukapiga magoti wote wawili, tukasafisha rafu nzima. Akaninong'oneza, Mama Chep wewe ni mwehu, ila iliki umeitia sawasawa. Alijuaje?

Kanali naye aliuliza ule mkate ni mkate gani. Susan akamweleza kwamba chumbani humo hakuliwi. Mzee akasema ameelewa kabisa, akajikokota kwenda korido. Na sanduku. Aliporudi alinawa mikono, akasoma barua hadi tukafunga. Wakati wa kuondoka alisema baba yake hakuandika neno juu ya vita. Ni njaa tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Ijumaa, 6 Machi

Nafasi amepata Velma.

Nililia chooni dakika mbili, nikanawa uso, nikampongeza. Alinikumbatia kwa nguvu.

Halafu Susan akaniita. Nilijua ni kwaheri. Kumbe mama wa mapokezi ya chumba cha kusomea anastaafu mwezi huu. Saa zile zile, mbili hadi kumi. Susan amesema mtu anayekiri kosa lake mwenyewe anaweza kukabidhiwa wageni. Masanduku, hapana. Sharti ni moja: nisiguse troli milele. Nikaapa kwa mikono miwili.

Nimepiga simu Eagan kuaga. Nimepita kumchukua Chepkemoi bado kweupe. Mama Goretti akasema mutoto alikula muzuri, leo hajasumbua hata kidogo. Nikamshukuru mpaka machozi. Kwenye ngazi mtoto akasema mami, nibebe. Nikageuka nyuma kutazama. Mama Goretti alishafunga mlango. Ni mimi. Nikambeba ghorofa zote mbili, na mgongo huu.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani nimetoa shukrani, nimesimama mbele na mtoto. Wiki hii nimejifunza mengi. Kushindana ni ujinga. Chakula na barua za watu havikai pamoja.

Ijumaa Susan alinipa vitabu vingine vya Chepkemoi. Ndani ya sanduku la kijivu. Akainua kidole, akasema lirudi tupu, tafadhali, tupu kabisa. Maskini, hawa watu hawapendi kusumbua mtu. Hata kwetu mgeni hukataa kwanza.

Sambusa zimepoa vizuri. Kiprop ameingia jikoni, ameona, amegeuka akatoka.

Na safari hii sanduku halipotei. Nimelibandika namba kabisa, kubwa, ubavuni. Arobaini na mbili, maana arobaini na moja ina mwenyewe.