Kaburi la Chini ya Nyumba Yangu Halina Laana

Kwako Mheshimiwa Mkaguzi wa Mambo ya Kale,
Ukingo wa Magharibi, Luxor.

Baada ya salamu, na baada ya kukuombea afya wewe na wote wanaokuandalia chai, mimi ni Badri Abdel-Maujud wa Qurna, mwenye ile nyumba ya samawati iliyojengwa juu ya kaburi la mtunza ghala. Unaijua. Ulipokuja kupima nyufa ulikula bata kwetu.

Bwana Mkaguzi, nimedhulumiwa na maiti. Binti yangu Nagla, muuguzi wa zahanati yetu, aliposwa na Fawazi wa Armant, mwenye mashamba ya miwa na trekta mbili. Fatiha ya posa ilishasomwa. Siku hiyo Nagla alilia hadi macho yakavimba, tukajua ni furaha. Fawazi alisema hataki mke wa kufanya kazi, nikamwambia hilo ni dogo, mtoto atazoea. Juma lililopita mama yake Fawazi alileta ujumbe kwamba posa imevunjika, eti nyumba yangu ina laana ya mafarao na mwanamume anayeoa hapa hafiki mavuno. Nani kampelekea uzushi huo sijui, ila nikimpata nitamwanika juani kama bamia.

Naomba basi cheti rasmi kwamba kaburi hili halina laana. Hoja zangu ni hizi:

1. Babu yangu alizaliwa ndani ya kaburi hilohilo, chumba cha mbele. Alikufa mzee kibogoyo, kwa kuanguka kutoka juu ya punda. Punda alikuwa wa kuazima, hahusiki.

2. Yule khawaga, profesa wa kigeni aliyechimba kwetu, aliugua, na magazeti ya kwao yakaandika ni laana. Ilikuwa sikukuu ya Sham el-Nesim, naye alikula fesikh, samaki wetu wa kuvundikwa kwa chumvi. Mke wangu alimwonya, "Khawaga, kidogo kidogo, samaki huyo hamjui mgeni." Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alimaliza sahani, akalamba vidole. Marehemu mtunza ghala hakuwepo hata kwenye jamvi.

3. Mama mkwe wangu alimfunga nyati wake wa maziwa chumba cha ndani, samadi ikafika magotini pa picha ya marehemu ukutani. Marehemu hakusema kitu. Mimi niliye hai nilisema, na nikalala nje.

4. Wewe mwenyewe ulitusomea maandishi ya mlangoni: anamwomba kila apitaye mkate na bia. Bia kwetu hakuna, lakini mama yangu alimwekea mkate kila Alhamisi, kama tunavyowapelekea wafu wetu wote, na sasa Nagla ndiye humwekea. Maiti anayeomba mkate atamuuaje anayemletea? Maskini wa watu ana njaa tu.

5. Kama kuishi juu ya wafu ni laana, Misri nzima asingeoa mtu. Wewe, Bwana Mkaguzi, unashinda makaburini, na una mke na watoto wanne. Au tuseme hao watoto ndio laana yenyewe? Siamini hivyo, ingawa yule mdogo nimemwona.

Cheti kiwe na muhuri wa serikali, ule wa ndege tai. Bila tai, watu wa Armant hawaamini hata kwamba mtu amezaliwa. Ukiweza, ongeza kwamba marehemu ni jirani mwema na hana pingamizi na arusi.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na mlinzi wa lango aliyenifukuza.

Mimi mlalamikaji wako mtiifu,
Badri Abdel-Maujud

Nyongeza, baada ya sahihi: Nilikuwa nakunja barua hii Nagla akaleta chai, akauliza namwandikia nani. Nikamsomea. Akaketi kizingitini, akasema, "Baba, mimi ndiye niliyemwambia mama yake Fawazi." Nikamuuliza kama ana wazimu. Akasema, "Nilikuambia simtaki, ukasema nitazoea. Nikamwambia mama, akasema baba yako kashasema. Basi nikatafuta mzee mwingine, huyu wa chini, anisemee."

Bwana Mkaguzi, nimeikunjua barua tena. Haya yote ya juu yafute. Andika kwamba laana ipo, tena kali, na inawashika hasa wenye miwa. Tai wawe wawili. Ile habari ya bamia nimeighairi. Na Alhamisi hii mkate wa marehemu nitampelekea mwenyewe.