Mke Gani Asiyemjua Mumewe?

Kwa Mwongozaji wa Filamu,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima wa mwili, maana wa akili nina mashaka nao.

Jumapili iliyopita tuliitazama filamu yako, mimi, mume wangu, na mama wa kijana anayemchumbia binti yetu. Ni ile ya dereva wa basi la shule, mpole, baba wa watoto wawili, kumbe zamani alikuwa muuaji wa kukodiwa. Mkewe kaishi naye miaka ishirini hajui lolote. Mke gani huyo? Mimi najua hata soksi ya mguu upi mume wangu huanza kuvaa.

Tangu siku hiyo yule mama ananihoji kuhusu ukoo wa mume wangu. Ananiambia kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba uchumba usubiri kwanza. Binti yangu hali chakula, analia tu. Kwa hiyo nalalamika rasmi:

1. Dereva wako hana ndugu, ati hiyo ni dalili. Mume wangu naye hana. Siku ya harusi yetu upande wake walikuja watu watatu, na mmoja alikuwa mpiga picha. Ndugu zake walikufa wote. Watu hufa.

2. Yule mke anaona kovu, anaambiwa ni ajali ya baiskeli, anaridhika, na ukumbi mzima unamcheka. Mume wangu ana makovu matatu mgongoni, yote ya baiskeli moja. Mimi sikucheka.

3. Umemkalisha dereva akiuelekea mlango kila aendapo. Mume wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, naye hukaa akiuelekea mlango kwa ajili ya mwanga. Dirisha liko nyuma yake, lakini mwanga wa dirishani anasema haumfai. Yeye ndiye fundi, mimi ni nani nimfundishe?

4. Hili ndilo lililonichefua. Unataka tuamini kuwa mtu mpole anaweza kuua. Mume wangu hata kuku hawezi kumchinja. Siku ya kuchinja hutoka nyumbani, akirudi ananawa mikono mpaka sabuni inakwisha, na wala hakumgusa. Mara moja tu nilimwona amekasirika, mwizi aliponipora mkoba sokoni. Alimkamata, akamnong'oneza maneno mawili matatu. Mwizi akarudisha mkoba, akaongeza simu yake mwenyewe, na viatu. Kwetu hiyo inaitwa busara.

Kwa hayo, naomba utangaze hadharani kwamba mke mwenye akili zake hadanganyiki, na umwombe radhi yule mama kabla ya Jumamosi, siku anayotoa jibu. Wasalimie waigizaji wote na wapiga picha wako. Yule mke usimsalimie.

Ni mimi, nisiyedanganyika,
Mke wa Fundi Cherehani

Tanbihi: Nimemsomea mume wangu barua hii akiwa anapiga pasi sare. Amesema imeandikwa vizuri, ila nikusahihishe kitu kimoja, pale dereva wako anapomchoma mtu kisu kwenye ngazi. "Kisu hakishikwi vile," alisema, "mtu atapiga kelele." Kisha akaendelea kupiga pasi. Nimejifungia chumbani na ninaogopa. Yule mama usimwandikie tena. Niandikie mimi, upesi, uniambie: filamu ilipokwisha, yule mke alikwenda wapi?