Mtu wa Ndoo Katika Dansi ya Mabwana

Jumatatu, 7 Machi 1983

Wiki ya kumi tangu nitoke nyumbani Consett, kaskazini mwa Uingereza. Mvua. Mgongo unauma. Nimechanganya plasta tangu asubuhi.

Huku kusini, nje kidogo ya London, mimi ni kibarua wa mafundi plasta kwenye studio ya filamu. Kiwanda cha chuma cha kwetu kilipofungwa nilikaa muda mrefu nikitazama njiwa wangu wa mashindano, kisha nikaja kubeba ndoo. Tumejenga jumba la bwana mkubwa wa mwaka 1912. Nguzo za marumaru ni plasta. Dhahabu ya dari ni rangi ya kopo. Ukiligonga, jumba zima linalia kama debe tupu.

Jambo lenyewe ni hili. Jana nilimpigia simu mke wangu Enid. Akapokea kaka yake, Clifford, mtu ambaye hajawahi kukosa kazi wala kuacha kuitaja. Akaniuliza, eti shemeji, bado unabeba ndoo? Nikamwambia nimepewa sehemu kwenye filamu. Yalitoka yenyewe! Kufika jioni baa nzima ilikuwa na habari. Wenzake wa kurusha vishale wameshaapa kwenda sinema pamoja na kukaa safu ya mbele.

Clifford huyohuyo amenipatia kazi ya kuosha mabasi kwenye karakana ya nyumbani. Nianze Jumatatu ijayo, la sivyo apewe mwingine. Enid ananitaka nyumbani. Mimi mwenyewe nataka. Lakini nitaingiaje Consett bila kuonekana kwenye filamu hata kidogo? Ukumbi wa dansi unapigwa picha wiki hii tu. Basi la kaskazini ni Jumamosi. Sura yangu lazima iingie kabla ya hapo.

Nina mpango.

Jumanne, 8 Machi

Mpango ulikuwa kiti.

Niliwaza hivi: nikisogeza kiti kimoja hatua chache, nitapata sababu ya kusimama mbele ya kamera. Watanizoea. Atakayeniondoa nani?

Lionel Gadd. Huyu ni wa idara ya vifaa: viti, vikombe, vinara vya mishumaa. Tumepanga nyumba moja, na kila asubuhi anamaliza mchuzi wa nyanya. Ameonekana katika filamu tatu. Ya kwanza mgongo, ya pili kiwiko, ya tatu maiti chini ya blanketi. Anavyosimulia utadhani Malkia amempa cheo.

Nilikuwa bado nimekishika kiti aliponiona. Akapiga filimbi. Mikono yote ikawekwa mifukoni. Kibarua wa plasta kagusa kiti! Idara nzima ya vifaa ikatoka nje kuvuta sigara.

Akaitwa mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi, Ndugu Percy Ormerod, mtu mwenye kifua kipana na subira nyembamba. Akaniambia mbele ya wote, "Ndugu Wilf, kiti ni kiti na ndoo ni ndoo. Tumegoma miaka mingi ili jambo hilo lieleweke."

Nikasema basi nakirudisha. Wote wakapiga kelele. Nisikiguse! Lionel naye akasema hakukisogeza yeye, kwa hiyo hakirudishi. Kiti kikabaki katikati ya ukumbi mpaka baada ya chakula cha mchana. Mwongozaji, Bwana Aubrey, mzee mwenye skafu majira yote, alikuwa anakizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemfahamu.

Jioni Lionel aliniuliza nilikuwa natafuta nini pale mbele. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Akaelewa. "Sura hiyo, Wilf? Kamera ikiiona itaomba likizo."

Jumatano, 9 Machi

Mpango wa leo ulikuwa bora zaidi. Koti.

Kuna kundi la watu wanaolipwa kucheza dansi nyuma ya waigizaji wakubwa. Wengi ni wastaafu. Hakuna anayewakagua. Nikampelekea mama wa mavazi pakiti ya biskuti za chokoleti na kumwambia nimetumwa. Akanivisha koti jekundu la kanali, medali mpaka tumboni. Nikajitazama kwenye kioo. Heshima! Nilisikitika tu kwamba nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa plasta, lakini kanali anaruhusiwa mvi.

Nikapangwa na bibi mmoja mfupi kutoka Slough. Muziki ukaanza. Akaniambia ninacheza kama mtu anayeshusha bafu kwenye ngazi. Nikamwambia kanali huyu alijeruhiwa vitani. Tukaelewana. Kamera ikaanza kugeuka kuja upande wetu, polepole, kama jua. Nikatabasamu.

Hapo ndipo kengele ya toroli la chai ilipolia nje.

Sina maelezo. Tangu nianze kazi nikiwa kijana, kengele ya chai ikilia, miguu yangu huondoka. Sikuwaza. Nilimwacha bibi wa Slough mikono hewani, nikapita mbele ya mwigizaji anayecheza binti wa bwana mkubwa, nikatoka kwa mlango wa kulia. Nilipozinduka nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nimeshika mkate wenye nyama ya nguruwe, medali zinanilia kifuani.

Msaidizi wa mwongozaji alinifuata akiwa mwekundu kuliko koti langu. Akasema maneno ambayo sitayaandika. Koti likavuliwa palepale. Kipande kizima kitarudiwa.

Lionel aliuliza kama kanali angependa sukari.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekata tamaa. Nimefanya kazi tu.

Leo walipiga picha kubwa ya filamu nzima. Ukumbi wote mara moja, mishumaa ya nta halisi kila mahali, binti wa bwana mkubwa anakataa posa mbele ya wageni. Ya kufanywa mara moja tu, maana mishumaa ikishaungua imeungua, na maseremala walikuwa wanasubiri kuubomoa ukuta wa mashariki. Ukumbi unatakiwa na filamu nyingine.

Fundi wangu alinituma nikazibe ufa kwenye nguzo ya nyuma. Nikaenda na ndoo yangu. Nikaziba. Nikarudi. Palikuwa kimya mno, nikashukuru, kichwa kilikuwa kinauma. Baadaye nikasikia watu wanapiga makofi, mwigizaji mmoja analia. Nikaenda kunywa chai.

Jioni niliweka sarafu kwenye simu ya barabarani nimwambie Enid ukweli. Nilikuwa nimeupanga vizuri. Akapokea Clifford. Akasema wamefikia watu ishirini na wawili sasa, na padri anakuja. Akauliza kama sehemu yangu ina maneno au nimesimama tu kama nguzo.

Nikasema ina maneno.

Ijumaa, 11 Machi

Ajabu!

Mchana niliitwa chumba cha kutazamia picha. Bwana Aubrey yumo, amejishika kichwa. Yumo Bi Rosalind, yule anayekumbuka kila kitu kilivyokuwa, kikombe kilielekea wapi, mshumaa ulibaki kimo gani, ili picha ya leo isigombane na ya jana. Akaamuru taa zizimwe.

Ukumbi. Mishumaa. Binti wa bwana mkubwa anainua uso na kusema hapana. Na nyuma ya bega lake, kwa utulivu mkubwa, anapita mtu na ndoo. Anainama kwenye nguzo. Anaipapasa. Anarudi alikotoka.

Mimi! Nimeonekana kwa mgongo na giza kidogo, lakini mimi. Mwendo ule ni wa baba yangu.

Wakaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema kazi.

Hawawezi kurudia, ukuta umebomolewa. Bwana Aubrey akainua kichwa na kusema labda ni vizuri. Mtumishi anayeona yote. Tabaka la chini linaloziba nyufa za nyumba ya wakubwa! Akaipenda zaidi kadiri alivyoisema. Bi Rosalind akamkumbusha kwamba kama mtu wa ndoo yumo kwenye picha kubwa, lazima awemo pia kwenye picha zote za karibu. Zitapigwa Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku ya mabasi.

Nilifikiri mpaka mwisho wa korido. Kisha nikampigia Enid, kwa bahati akapokea mwenyewe. Nikamwambia aniombee siku chache kwa Clifford, filamu haiwezi kwenda bila mimi. Akasema njiwa wangu wawili wamehamia kwenye banda la Clifford.

Nikamwambia watarudi. Njiwa hurudi.

Lionel hajazungumza nami tangu mchana. Mchuzi wa nyanya wote nimekula mimi.

Jumatatu, 14 Machi

Saa tatu asubuhi nilikuwa tayari, nimenyoa, nimechana nywele kwa maji. Nguzo imesimamishwa upya. Ndoo yangu, plasta mbichi ndani. Kamera karibu kiasi cha kuigusa.

Akatokea Bi Imogen, mwakilishi wa chama cha waigizaji, mwembamba kama sindano na mwenye ncha vilevile. Akasema mtu yeyote anayeonwa na kamera kwa malipo ni mwigizaji. Kibarua haonwi. Alikuwa ameleta mtu wake, Jolyon, kijana mrefu aliyesomea kuigiza.

Ndugu Percy akapanua kifua. Akasema vizuri, ila mwigizaji hatainua ndoo ya plasta. Kubeba plasta ni kazi ya kibarua. Studio hii na nyingine zote zitazimwa taa kabla hajaigusa.

Hapo Lionel Gadd akasogea, taratibu, kama paka aliyesikia kopo la samaki linafunguliwa. Akasema kwa masikitiko kwamba wote wamekosea. Ndoo ikishaingia kwenye filamu si ndoo tena, ni kifaa. Na vifaa ni vyake.

Watu themanini wamesimama na mikono mifukoni.

Percy akafikiri. Akasema ikiwa na plasta mbichi ni zana ya kazi, kwa hiyo ni yetu. Lionel akasema haya, lakini ikikauka ni pambo, ni yake. Wote wakainama kuchungulia ndani ya ndoo. Nami nikachungulia. Plasta yangu ilikuwa imeanza kuganda. Chama chetu kilikuwa kinashindwa mbele ya macho yangu.

"Koroga, ndugu!" Percy akanguruma. "Koroga!"

Nikakoroga. Sijawahi kukoroga vile. Jasho lilinitoka, mgongo ukalia, vibarua wenzangu wakaanza kunishangilia. Lionel akawa anasema inaganda, inaganda hiyo, pembeni kule! Nikaongeza maji. Bi Imogen akapinga maji. Bwana Aubrey alikuwa ameketi sakafuni na skafu usoni.

Chakula cha mchana kilipita. Wakapatana karibu na chai. Jolyon atatoa uso na mwili, maana ndiyo sehemu za mwigizaji. Mkono wa kushika ndoo utakuwa wangu, maana ni kazi ya kibarua. Ndoo ikiwekwa chini, Lionel ataisimamia. Jolyon akafungwa mkono mmoja nyuma kwa kitambaa. Mimi nikachuchumaa nyuma ya nguzo, nikapitisha mkono wangu chini ya kwapa lake.

Kabla hatujaanza aliniuliza kwa upole mtu hujisikiaje akibeba ndoo. Nikasema nzito. Akafumba macho, akalirudia neno hilo mara kadhaa kwa sauti ya chini.

Binti wa bwana mkubwa akasema hapana yake. Tukainua. Bwana Aubrey akasema mkono una ukweli ambao uso hauna.

Mkono wangu! Jolyon alisikia. Kijana hakufurahi.

Jumatano, 16 Machi

Nimempigia Enid. Nilimwambia yote, maana sasa ni ushindi na hakuna cha kuficha. Waende sinema. Wasitazame uso, uso ni wa mtu mwingine. Wasisubiri maneno, yamepunguzwa. Binti akikataa posa, watazame kushoto, chini, mkono wenye ndoo. Ule ni mimi mwenyewe. Awaambie na wenzake Clifford, na padri.

Akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo.

Akasema kazi ya mabasi imepewa kijana wa jirani. Njiwa wote sasa wako kwa Clifford, amebaki yule kilema. Halafu akasema, "Mkono huo naujua, Wilf. Nimelala nao miaka ishirini na sita. Ungeuleta nyumbani tu."

Sarafu zikaisha. Enid ni mwanamke mwema ila sanaa haijamwingia. Nitamweleza vizuri siku nyingine.

Hasa kwa kuwa kuna habari. Mwezi ujao inaanza filamu ya watawa, na Bwana Aubrey ndiye mwongozaji. Watatembea sana peku kwenye mawe. Mawe ni plasta, tunayamwaga wiki hii. Lionel anadai watu wa vifaa ndio watakaotoa nyayo za kupigwa picha badala ya za waigizaji. Nimeshamuuliza Percy. Anaona kwamba unyayo juu ya plasta mbichi ni wetu bila ubishi. Nikianza na nyayo, filamu itakayofuata ni magoti, na kutoka magotini mpaka usoni ni suala la kupanda tu. Clifford atanyamaza.

Nimeloweka miguu kwenye ndoo tangu jioni. Nitarudi nyumbani Pasaka. Kama watawa watachelewa, basi Pentekoste. Kabla ya Krismasi kwa hakika, nikiwa nimefika magotini.