Marehemu Mia Tatu Ishirini na Tisa wa Tovuti Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba jana tovuti yangu ya ufundi wa vyerehani ilitembelewa na watu kumi na mmoja. Mwezi jana walikuwa mia tatu na arobaini kwa siku. Hao mia tatu ishirini na tisa wameondoka bila kuaga. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Mke wangu hakulia. Amesema ikifika Jumamosi jioni bila mteja hata mmoja aliyeletwa na tovuti, chumba cha mbele anapewa dada yake afungue saluni, na mimi na vyerehani vyangu tuhamie stoo. Stoo! Humo hata panya huingia kwa zamu.

Nimeapa kutafuta chanzo. Nimenunua daftari.

Jumanne, 5 Machi

Chanzo kimepatikana: Miwani. Huyu ni fundi mwenzangu wa vyerehani, wa ng'ambo ya barabara, anayevaa miwani juu ya miwani. Kila nikimchungulia namkuta anasoma simu huku anatabasamu. Lazima kanihujumu. Nikapita mbele ya karakana yake mara sita, nikijifanya natafuta paka. Hatuna paka. Mara ya saba akaniuliza paka mwenyewe ana rangi gani. Nikasema bado sijaamua.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika jina la tovuti yangu kwenye mtambo wa kutafuta, herufi kwa herufi. Halikutokea. Nimefungua kurasa kumi na nne za majibu. Kuna mashine za kukoboa, kuna mtu anauza jenereta, mimi simo.

Nimesikia mtambo hupenda neno linalorudiwa. Nikalitia neno "cherehani" mara mia mbili na sita. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Cherehani chako cha cherehani kikisumbua cherehani, lete cherehani." Wageni leo: tisa. Mmoja ameandika kuuliza kama najisikia vizuri, na kama nyumbani kuna mtu mzima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewaamuru wote kwenye kundi la familia wafungue tovuti kila baada ya dakika kumi. Wageni mia moja na tatu! Shemeji, yule wa saluni, peke yake kafungua mara arobaini, mkono mmoja simu, mkono mwingine futi ya kupimia dirisha langu. Nikampelekea mke wangu grafu. Kaitazama kama mboga iliyoungua. Akasema yeye aliulizia wateja, hakuulizia mashemeji.

Ijumaa, 8 Machi

Kaja shangazi, mpiga chapa mstaafu, asiyeacha neno bila kulisoma, hata la nyuma ya kiberiti. Nilimkalisha kwenye kompyuta anisaidie kupunguza vyerehani. Yeye kaingia kwenye mipangilio, akawa anasoma kisanduku kimoja kimoja kwa sauti ya kuita wagonjwa. Ghafla akagonga meza. Kisha: "Wewe mtoto!" Nina miaka hamsini na mbili. "Hapa pameandikwa: zuia mitambo ya kutafuta isioneshe tovuti hii. Tiki ameweka nani?"

Nikasema Miwani.

Akasema pembeni pana tarehe na jina la aliyeiweka, na jina hilo alilichagua yeye mwenyewe siku nilipozaliwa. Nikaomba maji ya kunywa.

Tiki imetolewa. Shangazi kauomba mtambo uje kuisoma tovuti upya.

Jumamosi, 9 Machi

Mpaka saa nane, hakuna mtu. Shemeji kaleta kioo na viti viwili, kavipanga kabisa. Nimefunga bisibisi zangu kwenye boksi. Sikupenda ule mlio wa boksi.

Saa tisa na nusu mlango ukasukumwa na cherehani cha kanyagio. Upande mmoja kakishika mama mmoja, upande wa pili Miwani! Mama akasema wiki tatu nzima anatafuta tovuti yangu haoni kitu, leo asubuhi ndiyo imetokea. Aliyemwambia aitafute ni Miwani. Kumbe vyerehani vya kanyagio vinamshinda, na wote wenye navyo huwaelekeza kwenye tovuti yangu. Miaka minne! Mke wangu kasikia kila neno. Shemeji kabeba kioo chake.

Miwani akauliza kama paka amepatikana.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu nimemwambia mtambo uliharibika huko huko kwao. Hapa niseme ukweli. Wiki tatu zilizopita nilimwona Miwani anasoma ukurasa wangu wa kurekebisha mishono inayoruka. Wivu ukanipanda. Nikatafuta kisanduku chochote chenye neno "zuia", nikakitia tiki, nikajipongeza kwa chai. Nilitaka kumfungia mtu mmoja mlango, nikang'oa kibao cha duka.

Basi nimejifunza. Kuzuia mtambo mzima ni kukosa ustadi. Chini ya kile kisanduku kuna kingine, cha kistaarabu kabisa: wageni waombwe neno la siri kabla ya kuingia. Nimekitia tiki. Neno nililochagua, Miwani halibuni hata akiongeza miwani ya tatu.

Wageni hadi jioni: sifuri.

Ajabu. Safari hii namshuku shemeji.