Mihogo ya Japani

Jumatatu, 2 Juni 2025. Louisville.
Nimeamua kuandika kitabu. Kinaitwa *Utamaduni wa Wajapani Ndani ya Katuni Zao*. Vijana wanaziita anime, mimi nasema katuni. Tarehe 21 makanisa yetu ya Wakongo yanakutana Buffalo, na kuna saa nzima ya waandishi. Kila mji unatoa mtu mmoja. Mwaka jana Louisville ilimtoa Eliezer, mwalimu wa kwaya, na kitabu chake cha ndoa. Kurasa arobaini; kati ya hizo, tisa ni picha za Eliezer.

Mwaka huu ni zamu yangu, mimi Birindwa. Kule kambi ya wakimbizi niliangalia katuni za Kijapani miaka sita kwenye kibanda cha video, zote zikitafsiriwa kwa Kiswahili na DJ Paluku kwa kipaza sauti. Mtaa wetu mzima wa Iroquois hakuna mwingine mwenye elimu hiyo.

Jumatano, 4 Juni.
Kurasa kumi na nne, zote wakati wa mapumziko kazini. Sura ya tatu ndiyo moyo wa kitabu: uchumba. Kijana wa Kijapani akitaka mke hupanda mlimani kwa mzee mwenye ndevu. Mzee ni baba mkwe. Kijana hubeba mawe, hukimbia na magogo, hupigwa fimbo, kumbe anasafisha shamba la mihogo la mzee, misimu miwili. Mihogo yenyewe haionekani kwenye picha. DJ Paluku alieleza kwamba iko nyuma ya mlima.

Inashangaza jinsi Wajapani wanavyofanana na sisi. Nimeliandika hilo kwenye utangulizi.

Jolie, binti yangu wa miaka kumi na sita, alisoma ukurasa mmoja. Yeye huangalia katuni hizo kila siku, zenye maandishi chini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yule mzee ni mwalimu wa mapigano. Nikamwambia maandishi hayo wameandika Wamarekani, watu wasiolima.

Ijumaa, 6 Juni.
Baada ya maombi Eliezer ameniuliza mbele ya watu habari hizi nimezitoa kwa nani. Kwa sauti ya upole kabisa. Nyoka! Mchungaji naye akasema kamati inayochagua mwandishi itataka jina la mtafiti. Nimesikia DJ Paluku yuko Whitehall, kule Columbus, anatunza wazee. Kesho naenda kuchukua sahihi yake.

Jumamosi, 7 Juni. Columbus.
Paluku amezeeka, lakini sauti ni ileile. Alinipa ugali wa fufu na sombe ya majani ya mihogo. Nikamsomea sura ya tatu yote. Alisikiliza amefumba macho, anatabasamu, nikajua nimeshinda. Kisha akasema, "Bon, ile mambo ya mihogo ni miye nilitungaka."

Hajui Kijapani. Hakuwahi kukijua. Alikuwa akiangalia picha na kusema chochote kilichomjia, maana kibanda kikikaa kimya watu wanatoka. Mwaka ule, asubuhi alilima shamba la mihogo la baba wa mchumba wake, mchana akaja kutafsiri huku mgongo unamuuma. Msimu wa pili ulipokwisha, mchumba akaolewa na mwingine. "Donc, nilisemaka yenye ilikuwa mu roho," akaniambia.

Kwa hiyo nimeandika kurasa kumi na nne za maisha ya Paluku. Ameomba nakala.

Jumapili, 8 Juni. Louisville.
Nililala kwenye kochi, sikwenda kanisani. Jolie akaja akakaa kando yangu. Akasema, kwa Kiingereza, tuangalie pamoja polepole, naye atanieleza kilicho cha kweli. Tukaangalia mbili. Wanavua viatu mlangoni. Kabla ya kula wanakutanisha viganja na kukishukuru chakula. Binti huyu akicheka, macho yanajifumba kabisa. Nilikuwa nimesahau. Tangu tufike Amerika hajawahi kukaa nami mchana mzima, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Tuliyoyaona nimeyaandika yote. Ni kurasa mbili. Na kurasa mbili hazimfikishi mtu Buffalo.

Alhamisi, 12 Juni.
Kamati imenichagua! Kurasa kumi na sita: zile kumi na nne za zamani, na mbili za Jolie mwishoni. Kwenye jalada nimeandika: *Mtafiti Mkuu, Jolie Birindwa*. Si uongo, tulitafiti. Kila mama kanisani anazisifu alama zake za shule. Eliezer alipoliona jina alikifunga kitabu, akaenda zake. Jolie mwenyewe sijamwambia, nataka imshtue kwa furaha.

Jumamosi, 21 Juni. Buffalo.
Ukumbi ulijaa. Nilisoma sura ya tatu, na watu wakacheka palipo na huzuni. Kisha dada mmoja aitwaye Sandrine, muuguzi wa hapa, akasoma jalada kwa sauti na kuomba mtafiti asimame atueleze mihogo hiyo inalimwa Japani upande gani. Jolie akaniangalia. Ndipo alipojua.

Akasimama. Nilingoja Kiingereza. "Iyi kitabu si yangu," akasema. "Baba ndiye aliandika. Tuliangaliaka katuni mbili tu, na mu ile katuni hakuna mihogo. Nilimuambiaka." Hakuna neno hata moja la Kiingereza, mbele ya watu mia mbili! Kina mama wakampigia makofi. Nami nikapiga, machozi yananitoka.

Yeye akatoka, akakaa ndani ya gari mpaka mkutano ukaisha.

Jumatatu, 23 Juni. Louisville.
Jolie hajaniambia neno, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Leya, mke wangu, anasema nimelitumia jina la mtoto bila ruhusa, niende nikamwombe msamaha. Kupita mbele ya mlango wake uliofungwa kunaniuma. Kunaniuma sana.

Nimefikiri kwa makini. Kosa limeonekana: Japani ni mbali mno. Mtu aandike anachokijua. Kule Buffalo kina mama sita waliniuliza nimefanyaje binti akasema Kiswahili kizuri vile. Hicho ndicho kitabu! *Jinsi ya Kuzungumza na Mtoto Wako Amerika*. Leo nimemaliza sura mbili.

Jalada la nyuma linahitaji ushuhuda wa mtoto. Nimempitishia Jolie karatasi chini ya mlango. Imerudi tupu. Basi ushuhuda wake nimeuandika mimi mwenyewe. Umetoka vizuri, hasa pale anaposema baba yake humsikiliza.